Simu, Kipokezi cha Mkononi, Mtambo wa Kufungwa au Dira: Kipi Kiaminiwe Ziwani Kigoma?

Kikundi chetu cha wamiliki wa boti katika mwalo wa Kibirizi kimekuwa kikibishana tangu msimu uliopita juu ya kifaa cha kuongozea chombo ambacho fedha ya mfuko wa pamoja ingenunua, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kuvikagua, nimeona niandike ulinganisho huu kwa ajili ya wote watakaokabiliwa na uamuzi kama wetu. Wajumbe walitaka kujua kifaa kipi kina usahihi zaidi. Nilipoanza kuvijaribu niliona kwamba swali hilo halitufai sana, kwa sababu mahali penye anga wazi kama katikati ya Ziwa Tanganyika hata simu ya kawaida hukuonyesha ulipo kwa kosa la mita tano hivi, na hakuna nahodha aliyewahi kupotea kwa mita tano. Nililolishika badala yake ni hili: siku ambayo mawimbi ya kutoka angani yatakuwa na kasoro, kifaa kipi kitakwambia, na kipi kitaendelea kukuonyesha alama yake kwa utulivu uleule huku kikikupeleka kusiko?

Vinavyolinganishwa ni vinne: simu ya mkononi, kipokezi cha kushika mkononi ambacho wengi hukiita GPS tu, mtambo wenye skrini na ramani unaofungwa chomboni na kutumia betri ya injini, na dira ya sindano inayoelea ndani ya kimiminika. Vitatu vya kwanza ni ndugu wa baba mmoja. Vyote husikiliza setilaiti zilizo takribani kilomita 20,000 juu ya dunia, kila moja ikiwa na saa za atomu, kisha hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika. Na kwa kuwa mawimbi husafiri mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kosa dogo kabisa la saa huwa kosa kubwa la mahali. Mawimbi hayo yanapotufikia yamefifia mno, kiasi cha kuwa chini ya kelele ya kawaida ya redio iliyopo hewani, na kipokezi huweza kuyatambua kwa sababu tu kinaujua mpangilio wake tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya udhaifu nitakaoueleza inatokana na kufifia huko. Dira haina undugu nao, na jambo hilo lishikwe kwa sasa, maana nitalirudia.

Mfumo mmoja au minne?

Wauzaji wa vifaa hupenda kuhesabu mifumo ya setilaiti. Watakwambia kifaa chao kinasoma GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, nao hawakosei kuisifu sifa hiyo, ingawa mara nyingi hawaelezi inasaidia nini. Faida yake kubwa huonekana pale mmoja wa wenye mifumo anapoteleza, na kuteleza kumekwisha kutokea. Mwezi Aprili 2014 setilaiti za GLONASS zilitangaza taarifa zisizo sahihi za njia zao kwa takribani saa 11. Tarehe 26 Januari 2016 baadhi ya setilaiti za GPS zilitangaza muda uliopotoka kwa takribani sehemu 13 za milioni ya sekunde, kosa lililosumbua zaidi mitambo inayotegemea muda kuliko watu waliokuwa njiani. Julai 2019 huduma ya Galileo ilikatika kwa karibu wiki nzima. Mwenye kifaa kinachosikiliza mfumo mmoja tu angekumbwa na lolote kati ya hayo. Mwenye kifaa kinachosikiliza yote minne, huenda hata asingejua kwamba kuna lililotokea.

Katika kipengele hiki simu mpya humshinda kipokezi cha zamani cha mkononi, na niliyaandika hayo katika daftari la kikundi ingawa mzee mmoja, ambaye kipokezi chake cha GPS pekee kimemtumikia miaka mingi, hakufurahi kuyasikia. Mtambo wa kufungwa nao hutegemea umri wake. Wengi wa kisasa husoma mifumo zaidi ya mmoja, lakini mara nyingine mifumo mingine huwa imezimwa katika mipangilio ili kuokoa umeme, kwa hiyo mnunuzi aifungue mwenyewe akaione kwa macho.

Saa za baada ya jua kuzama

Hapa kuna tatizo ambalo watu wa nchi za kaskazini hulisumbukia kidogo kuliko sisi. Juu ya dunia, kuanzia kilomita 60 hivi na kupanda hadi mamia ya kilomita, kuna tabaka la hewa lenye chaji za umeme liitwalo ionosfea, ambalo huchelewesha mawimbi ya setilaiti na wakati mwingine huyatikisa hadi kipokezi kikayapoteza. Katika ukanda wa Ikweta na pembeni yake tabaka hilo huchafuka zaidi baada ya jua kuzama, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, na huchafuka kupita kiasi katika miaka ambayo jua lenyewe linachemka, kipindi kinachorudi kila baada ya takribani miaka 11. Dhoruba ya jua ya Mei 2024 iliwasimamisha wakulima wa Marekani ambao matrekta yao huongozwa na setilaiti, tena katikati ya msimu wa kupanda. Sisi jua letu huzama karibu saa moja jioni, na saa hiyohiyo ndipo boti za dagaa zinapoondoka mwaloni zikiwa na taa zao.

Dawa ya sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo ni kipokezi kinachosikiliza masafa mawili badala ya moja. Kwa kuwa ionosfea huyachelewesha masafa hayo kwa viwango tofauti, kifaa hulinganisha tofauti hiyo na kuondoa kosa chenyewe, bila mtandao wala malipo. Simu za masafa mawili zilianza kuuzwa mwaka 2018, lakini nyingi zilizoko mikononi mwetu ni za masafa moja. Kati ya vipokezi vya mkononi vya miaka ya karibuni vimo vya masafa mawili, na muuzaji anayejua kazi yake atakuonyesha jambo hilo katika karatasi ya maelezo.

Usiku mmoja wa mwezi Machi nililaza simu ya masafa moja na kipokezi cha masafa mawili juu ya ubao wa boti iliyofungwa kamba, nikaviacha virekodi njia kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne. Boti haikusogea ila kwa kutikiswa na mawimbi ya maji. Kipokezi kilichora fundo dogo lililotosha ndani ya boti yenyewe. Simu ilichora kitu kama uzi aliouchezea paka, ukitoka nje ya boti, ukaenda nchi kavu, ukarudi. Halikuwa jaribio la maabara, na kosa la namna hiyo halimzamishi mtu akiwa katikati ya ziwa. Linamhusu zaidi anayeingia gizani kwenye ghuba yenye mawe, ambako makumi machache ya mita ndiyo tofauti kati ya mchanga na mwamba.

Mawimbi yanapozibwa au kughushiwa

Kati ya mambo yote, hili ndilo litakaloamua thamani ya kifaa katika miaka ijayo. Kwa kuwa mawimbi ya setilaiti yamefifia, mtambo mdogo wa ardhini unaweza kuyafunika yote. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitangaza faini ya karibu dola 32,000 dhidi ya dereva wa gari la kazi aliyekuwa na kifaa cha kuziba mawimbi garini, ambacho kilivuruga mfumo wa kuongozea ndege katika uwanja wa Newark. Hatari ya pili ni kughushi, yaani kutuma mawimbi yanayofanana na ya setilaiti lakini yenye habari za uongo. Mwezi Juni 2017 meli kadhaa katika Bahari Nyeusi zilijikuta, kwa mujibu wa mitambo yao, ziko uwanja wa ndege wa nchi kavu. Wala mambo haya hayako mbali nasi: mwaka 2024 ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo ulilieleza Baraza la Usalama kuhusu uvurugaji na ughushi wa mawimbi ya GPS katika Kivu ya Kaskazini uliohatarisha ndege, na mtu akitoka Kigoma kuelekea Uvira anaikaribia nchi hiyo kwa kila kilomita.

Sasa ile sifa ya mifumo minne ipimwe upya. GPS na Galileo hutumia masafa yaleyale ya megahezi 1575.42, BeiDou nayo iko papo hapo na jirani yake, na GLONASS iko karibu, kwenye 1602 hivi. Mtambo mmoja wa kuziba unaofunika ukanda huo huwanyamazisha wote kwa pamoja. Kwa kosa la mwenye mfumo, hawa ni mashahidi wanne wa kweli; kwa kosa la mvurugaji, ni mashahidi wanne waliolala chumba kimoja, na aliyefunga mlango amewafungia wote.

Vifaa vyetu hutofautiana sana katika namna vinavyotoa habari hiyo. Simu ndiyo msiri kuliko vyote. Huchanganya mawimbi ya setilaiti na minara ya simu, na yote yakikosekana, programu nyingi huendelea kuonyesha mahali pa mwisho ilipopajua, pengine kwa kubadilisha tu rangi ya alama au kupanua duara linaloizunguka, jambo ambalo nahodha mwenye mikono iliyolowa hawezi kuliona kupitia mfuko wa plastiki. Zipo programu za bure zinazoonyesha setilaiti moja moja na nguvu ya kila moja, nami namshauri kila mwenye simu awe nayo, lakini si jambo la kufungua wakati wa dhoruba.

Kipokezi cha mkononi kina ukurasa wa setilaiti ambao hufunguka kwa kubofya mara moja. Nguzo ndogo hupanda na kushuka, kila moja kwa kimo chake, kwa sababu setilaiti iliyo utosini husikika vizuri kuliko ile inayochungulia juu ya milima. Hali hiyo ya vimo visivyolingana ndiyo afya. Nguzo zote zikianguka kwa pamoja chini ya anga wazi, kuna kitu kinaziba. Na zote zikisimama ghafla kwa kimo kimoja kikubwa, kama askari wa gwaride, ni busara kushuku kwamba anayesema si setilaiti. Nimewafundisha vijana wawili wa boti yetu kuusoma ukurasa huo kwa dakika kumi tu, na sasa wanaufungua kabla ya kung'oa nanga bila kuambiwa.

Mtambo wa kufungwa, pamoja na bei yake kubwa, uko katikati. Hulia kengele ukipoteza mawimbi, na hilo ni jema kuliko ukimya wa simu, ila kwa mawimbi bandia yanayokuvuta polepole hauna neno. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, kwa ridhaa ya mwenye chombo, waliipotosha njia ya boti kubwa ya kifahari katika Bahari ya Mediterania kwa mawimbi ya kughushi, na hakuna kengele iliyolia. Faida ambayo mtambo huu unayo peke yake ni kipimo cha kina, kwani sauti inayogonga chini ya maji haitoki angani. Kwa bahati mbaya ziwa letu lina kina cha hadi mita 1,470 na kingo zake huporomoka haraka, kwa hiyo kipimo cha boti ndogo hukosa cha kusema mara tu unapoiacha pwani. Na kabla ya kulipa, mtake muuzaji akufungulie ramani ya Ziwa Tanganyika yenyewe uone kama ina namba za kina au ni rangi ya buluu tupu.

Kuhusu kughushi, kuna hatua moja ya maana iliyopigwa. Mwaka 2025 Galileo ilianza rasmi huduma ya bure inayotia saini ya kidijitali katika habari zinazotangazwa na setilaiti zake, ili kipokezi kiweze kuhakiki kwamba habari imetoka kwa mwenyewe. Saini hiyo haimzuii mwenye kuziba mawimbi, wala haimalizi kila hila ya kuyarekodi mawimbi halali na kuyarudisha baadaye, lakini inamfungia njia mghushi wa kawaida. Vifaa vinavyoisoma bado ni vichache, na hapa shauri langu ni la ubahili: msilipie zaidi leo kwa ahadi tu, bali kati ya vifaa viwili vya bei moja chagueni kile ambacho mtengenezaji wake bado anatoa masasisho ya programu, kwa kuwa ndicho kitakachoweza kufundishwa jambo jipya.

Makosa tunayojifanyia wenyewe

Ningeandika ulinganisho wa uongo kama ningezungumzia maadui wa angani tu, kwani kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona mwaloni lilitoka kwenye mipangilio. Tulikuwa na vipokezi viwili juu ya ubao mmoja, vikitofautiana takribani sekunde 10 za latitudo, sawa na mita 300 hivi. Kimoja kilikuwa kimewekwa kwenye msingi wa ramani uitwao Arc 1960, uliotumika katika ramani za zamani za Afrika Mashariki, na kingine kwenye WGS84 unaotumiwa na GPS na simu zote. Hakuna kilichokuwa kibovu. Lakini nahodha aliyetajiwa mahali pa wavu kwa redio akiwa na kipokezi cha msingi mwingine angeutafuta hadi asubuhi. Simu haina mtego huu, kwa kuwa haimpi mtu nafasi ya kubadili kwa bahati mbaya. Vipokezi na mitambo ya kufungwa vinao, hivyo kikundi kikubaliane kutumia WGS84 na kuikagua mara kwa mara.

Mtego wa pili ni umri. GPS huhesabu wiki kwa namna inayojaa kila baada ya wiki 1,024, ambazo ni karibu miaka 20, kisha hesabu huanza tena sifuri. Ilijaa Agosti 1999, ikajaa tena Aprili 2019, na itajaa tena Novemba 2038. Kipokezi cha mtumba nilichouziwa mjini kilionyesha mahali sahihi kabisa lakini tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita, na nilichelewa kugundua hadi nilipofungua ukurasa wa mwezi: juu yetu mbalamwezi imejaa, taa za dagaa hazina kazi, na kifaa kinachora mwezi nusu. Mvuvi anayepanga safari zake kwa ukurasa huo ataharibikiwa. Anayenunua kifaa kilichotumika asikiache dukani bila kuangalia tarehe kikiwa nje chini ya anga na kimekwisha kupata setilaiti.

Dira

Dira haitakwambia ulipo. Itakwambia unaelekea wapi, tena kwa makosa yake: ukikosea nyuzi tano katika safari ya kilomita 40 utafika kilomita tatu na nusu pembeni ya ulipokusudia. Kwa kuegesha kwenye gati hilo ni kosa la kuchekesha. Kwa mtu aliyepoteza kila kitu kingine usiku wa mvua, au mchana wa Agosti ambapo moshi wa mioto ya misitu umeifuta milima ya Kongo na ya kwetu pia, hali ni tofauti kabisa, maana ziwa hili limelala kaskazini hadi kusini, na mwenye kuendelea mashariki kwa uvumilivu atafika upande wa nyumbani. Hakuna setilaiti, betri wala sasisho linalohusika. Muhimu zaidi, anayeiziba GPS haigusi sindano ya dira, na ndiyo maana dira ni shahidi wa chumba kingine. Skrini ikisema unakwenda mashariki na dira ikasema kusini, umekwisha kupata habari ambayo kifaa chochote cha angani peke yake kisingekupa.

Nani achukue nini

Kwa boti ya abiria inayofuata ufuko kwenda Mwamgongo na Kagunga mchana, simu ya mifumo minne iliyopakuliwa ramani mapema inatosha pamoja na dira. Fedha ya ziada iende kwenye maboya ya kujiokolea. Ikumbukwe kwamba simu hupokea setilaiti bila bando, ila isiyokuwa na mtandao huweza kuchelewa kupata mahali kwa mara ya kwanza, hivyo iwashwe kabla ya kuondoka mwaloni.

Kwa boti za dagaa nashauri kipokezi cha mkononi cha masafa mawili, cha betri za kubadilisha, pamoja na dira. Huo ndio ushauri wenye uzito kuliko yote humu, kwa sababu wao hufanya kazi katika saa mbaya za ionosfea, hupeperushwa na upepo wakiwa wamezima injini, na mpaka wa nchi nyingine ziwani hauna ukuta. Mtambo wa kufungwa nauona unafaa kwa vyombo vya mizigo vinavyovuka kwenda Kongo na Burundi, ilimradi kipokezi cha mkononi kiwepo kama msaidizi. Kwa boti ndogo ni fahari inayokula betri.

Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nilisema mbele ya kikundi, na wengine wakacheka, kwamba inunuliwe dira, kwa sababu simu tayari ipo mfukoni mwa kila mtu. Nahodha wetu hakucheka. Aliuliza tu, "Mwalimu, tuifunge wapi?" Tulipoijaribu karibu na kiti chake sindano ilikataa kutulia, tukahangaika na injini, tukahangaika na misumari, hadi tukagundua ni sumaku ya spika ya redio iliyofungwa chini ya ubao. Spika imehamishiwa mbele kabisa ya boti, na kijana wa injini, ambaye muziki wake sasa humfikia kwa mbali, bado amenuna.